Dakika Kumi za Tapiri

Njoo, Mutheu, nina dakika kumi
kabla sijavaa viatu vyeupe vya zamu.
Kioko naye asogee, aache kutafuna kifutio.
Taa za South B zinaanza kuwaka.
Mbali sana, ng'ambo ya bahari,
kuna mnyama ambaye jioni ya kwao ikifika
hufanya kama mimi:
huamka.

Anaitwa tapiri.
Sema: ta-pi-ri.
Si nguruwe, ingawa tumbo ni la nguruwe.
Si ndovu, ingawa pua ilitaka kuwa mkonga,
ikafika hapa tu, ikachoka.
Kioko anauliza, nani aliivuta?
Hakuna aliyeivuta, baba.
Ndivyo ilivyo, fupi na laini,
inanusa, inapinda,
inashika jani na kulitia kinywani
kama wewe unavyoshika sukuma wiki.
La, wewe hukataa sukuma wiki.
Tapiri hakatai.

Msituni kwake mvua haichoki.
Miti imebanana kuliko magorofa ya Pipeline,
jua likitaka kupita sharti libishe hodi.
Huko chini ni matope na majani mabichi,
na kijia chembamba alichokikanyaga mwenyewe
usiku baada ya usiku,
vidole vinne kila mguu wa mbele,
vitatu kila mguu wa nyuma.
Hesabu, Mutheu.

Kumi na vinne!
Mbona sisi tuna ishirini?

Sijui, mwanangu.
Labda kwa sababu sisi tuna vyombo vya kuosha.

Akimsikia jagwa, yule paka mkubwa wa madoa,
tapiri hangoji salamu.
Mtoni, chubwi!
Mwili wote chini, pua peke yake juu,
inavuta hewa kama mrija.
Jagwa anabaki kutazama mapovu.

Usicheke hivyo, chai itamwagika.

Na mtoto wake sasa!
Unalijua tikiti maji la Mama Nyaboke,
lile la mistari?
Lipe miguu minne. Lipe masikio.
Lipe pua isiyotulia.
Huyo ndiye mtoto wa tapiri.
Mistari na madoa humficha
pale jua linapodondoka matone matone majanini.
Akikua hufutika kidogo kidogo,
kama chaki uliyoipitia kwa kiwiko.
Mama yake humwita kwa mluzi:
fwiii!
Mnyama mzito vile, sauti ya kifaranga.

Hula matunda, humeza na mbegu zake,
hutembea, hutembea,
kisha, ndiyo Kioko, hujisaidia. Haya, cheka.
Umemaliza?
Pale pale penye mavi mbegu huchipuka,
na mti husimama ambapo hapakuwa na mti.
Hana jembe, hana shamba,
lakini msitu unamjua.

Jumamosi twende Karura tukamwone, anasema Mutheu.

Karura hayupo. Ngong pia hayupo.
Lakini ana ndugu mjini hapa.
Unamkumbuka kifaru wa mbugani,
aliyesimama kimya na magorofa nyuma yake?
Ni ukoo mmoja, wa zamani mno,
kabla ya barabara, kabla ya ua,
kabla ya mtu wa kuwapa majina.
Punda milia pia ni wao.

Mutheu ananyamaza.
Anatazama upande wa mbuga,
ambako taa za mji zinakoma na giza linaanza.
"Kifaru anajua kwamba ana ndugu?"

Dakika zangu zimekwisha.
Baba yenu ameingia, ananukia mvua.
Nawabusu vipaji vya nyuso, nachukua mfuko,
nashuka ngazi, gorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza.

Nikifika langoni naisikia, dirishani juu,
nyembamba, na mate mengi ndani yake:
fwiii.

Mlinzi ananitazama.
Naweka mfuko chini,
nalowesha midomo,
najibu.